Shukrani kwa mama wa kwenye benchi
Mama, jina lako sikuliuliza. Usiku ule nje ya chumba cha upasuaji, Muhimbili, binti yangu akiwa ndani, uliushika mkono wangu uliokuwa ukitetemeka. Hukuniuliza kitu. Ulinionyesha tu kuhesabu kwa pingili za vidole: Subhanallah 33, Alhamdulillah 33, Allahu Akbar 34. "Polepole mwanangu, ya kesho yaache."

Nikaanza kuisikia pumzi yangu mwenyewe, kisha adhana ya alfajiri kwa mbali. Ukanimiminia chai ya tangawizi kwenye kifuniko cha chupa, ukaenda kumwangalia mgonjwa wako.

Binti anatembea sasa, alhamdulillah. Mimi bado nahesabu kwa vidole kila usiku kabla ya kulala, na kwenye dua nakutaja "yule mama". Mwenyezi Mungu akulipe kheri, na mgonjwa wako amponye.