Kwa Nini Aliyeleta Mahindi Yake Halipi Moja ya Tano ya Bei

Wateja wanaoleta mahindi yao hapa Uyole, Mbeya, ili tuwasagie na kuwachanganyia chakula cha kuku wa mayai wamekuwa wakirudia lalamiko moja, kwamba tunawatoza kana kwamba hawakuleta kitu. Mteja mmoja wa Igawilo alifika na kilo 80 za mahindi, akasikia kwamba kilo 100 za mchanganyiko zinahitaji kilo 20 tu za mashudu ya soya, akaona anapaswa kulipa moja ya tano ya bei ya chakula kilicho tayari. Tulipomtajia gharama, alisema mbele ya watu kuwa ameibiwa. Kwa hiyo tunaiweka hesabu yenyewe wazi.

Mahindi yana protini ya takriban asilimia 9, mashudu ya soya takriban 44, na chakula cha kuku anayetaga tunakilenga kwenye 16. Tukiziita kilo za soya x, mahindi yatakuwa 100 − x, na protini yote lazima ifike kilo 16:

0.09(100 − x) + 0.44x = 16

Tukifungua mabano tunapata 9 + 0.35x = 16, hivyo x = 20. Aliyezoea mraba wa Pearson, njia ya kupata uwiano wa vyakula viwili kwa tofauti ya protini ya kila kimoja na ile inayolengwa, atafika hapo hapo: 44 kutoa 16 ni 28, na 16 kutoa 9 ni 7, yaani sehemu nne za mahindi kwa moja ya soya.

Sasa tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba kilo ya mahindi ni shilingi 800 na ya mashudu ya soya ni shilingi 2,000. Mahindi yatagharimu 64,000, soya 40,000, jumla 104,000. Moja ya tano ya fedha hiyo ni 20,800, ambayo hainunui hata kilo 11 za soya. Soya ni asilimia 20 ya uzito lakini ni zaidi ya asilimia 38 ya gharama, kwa kuwa kila kilo huingia kwenye jumla na bei yake, na hapo bado hatujagusa chokaa, premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini), umeme wala ujira wa vijana wanaopima.

Wanaokimbia gharama hiyo hununua mfuko mmoja wa kilo 50 na kuuongezea pumba nyumbani. Mfugaji mmoja wa Mbalizi aliongeza kilo 25 za pumba zenye protini ya takriban asilimia 10, na kuku wake walipopunguza kutaga alirudi akidai tumechakachua chakula. Hesabu yake ni (50 × 16 + 25 × 10) ÷ 75, yaani asilimia 14, tena pumba zimeongeza nyuzinyuzi ambazo kuku hazimfai sana. Alichookoa kwenye mfuko alikipoteza kwenye trei za mayai, na hasara ya namna hiyo haiishi siku moja.

Wengine hupima kwa debe, ilhali debe la pumba ni jepesi sana kuliko debe la mahindi, hivyo uwiano wote huharibika kabla koleo halijashikwa. Sisi hupima kila kitu kwa mizani, mteja akiwa amesimama hapo, na mahindi ambayo hayajakauka hatuyapokei, kwa sababu sehemu ya kilo hizo 80 itakuwa maji. Anayeleta mahindi makavu hulipia soya, viungo vingine na kazi, na kila kimoja huandikwa kwenye risiti kwa kilo na bei yake.