Waandikeni pia wanawake waliovuka Mutukula

Mhariri,

Kila mwaka inapokaribia Siku ya Mashujaa, 25 Julai, gazeti lenu hutuletea kurasa za Vita vya Kagera, vile vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, nami huzisoma zote. Tumesoma Mutukula, mji wa mpakani, ilivyotwaliwa Januari 1979, mapigano ya Lukaya yalivyokuwa, Kampala ilivyoanguka 11 Aprili. Majina ya makamanda tumeyakariri. Safari hii naomba nafasi kwa mtu ambaye hakuwa kamanda wala askari: mama yangu mzazi, aliyeingia nchi hii mwaka 1980 akiwa amekaa juu ya magunia nyuma ya lori. Hakuna mwandishi aliyewahi kumuuliza vita vile aliviona vipi.

Baba yangu alikuwa kijana wa hapa hapa Missenyi, upande wa kaskazini wa mto Kagera. Majeshi ya Amin yalipoingia mwishoni mwa Oktoba 1978 alivuka daraja la Kyaka na mama yake, na godoro moja kichwani. Siku chache baadaye daraja likalipuliwa. Ng'ombe wa babu walibaki ng'ambo na hawakuonekana tena, na nyumba ikachomwa. Hotuba ya Mwalimu, ile ya uwezo, sababu na nia, aliisikilizia kwenye redio ya watu, maana ya kwao ilikwisha ibiwa. Akajiunga na mgambo. Alijiunga kwa hasira, na hilo hakulificha mpaka anaingia kaburini.

Mama alikuwa msichana wa miaka 18, kijijini karibu na Kalisizo, Uganda, kwenye barabara ya kwenda Masaka. Februari 1979, majeshi yetu yalipokuwa yanaipiga Masaka, walilala shambani chini ya migomba wakisikiliza saba saba, maana ndivyo Waganda walivyoiita ile mizinga yetu. Mji ulitwaliwa tarehe 24. Baba yake mdogo alikuwa na duka la vitambaa mjini Masaka; alipokwenda kulitazama alikuta ukuta mmoja umesimama. Kwa hiyo tuelewane, Mhariri: jeshi la kwao lilichoma nyumba ya baba yangu, na jeshi la baba yangu likabomoa duka la ukoo wa mama. Ndipo wakakutana.

Sasa sikieni watoto wetu wanavyoisimulia. Kwenye send-off ya binti wa dada yangu, pale Bukoba, mshereheshaji alipewa habari na binti yangu mimi, naye akaongeza za kwake. Akasema babu alimkuta bibi amezingirwa na askari wa Amin, akamnyakua, akakimbia naye katikati ya moshi wa mabomu. Ukumbi mzima vigelegele! Mama akaomba kipaza sauti. Nilidhani anataka kushukuru. Akasema, "Hakuna aliyenibeba. Nilikuwa nauza gonja." Akarudisha kipaza sauti, akakaa.

Ndiyo kweli yenyewe. Alikuwa anachoma gonja, yaani ndizi za kuchoma, kando ya barabara na kuwauzia bakombozi, kama askari wetu walivyoitwa kule. Uganda ilikuwa na miaka haina chumvi, haina sukari, haina sabuni, isipokuwa kwa magendo, na noti zenye picha ya Amin zilikuwa hazina maana tena. Baba alilipa chumvi iliyofungwa kwenye karatasi. Siku nyingine kopo la nyama la Tanganyika Packers, ambalo nyumba nzima ya mama ilikula kwa wasiwasi. Halafu akaleta mche mzima wa sabuni, na gonja asichukue. "Hapo nikajua huyu ana neno," anasema mama.

Mwanzoni alimwogopa, na hakuogopa bunduki tu. Kiswahili kwao kilikuwa lugha ya vizuizi vya barabarani, lugha ya mtu anayekuamuru ushuke kwenye basi. Baba akaliona hilo, akahamia Kihaya, na kwa Kihaya chake na Kiganda cha mama wakawa wanaelewana nusu nusu, nusu nyingine wanachekana.

Baba naye alikuwa na masimulizi yake. Alidai kwamba wasichana wote pale barabarani waliwashangilia, isipokuwa mmoja aliyewauliza bila kuinua macho kwenye moto: "Mtaondoka lini?" Akasema swali hilo lilimnyima usingizi, kwa sababu ndilo mama yake alilokuwa akiuliza kuhusu askari wa Amin, yeye na baba walipokuwa wamekimbilia ng'ambo ya Kagera. Mama anakana kabisa. Anasema aliyeuliza ni dada yake, tena kwa ukali zaidi ya hapo. Wamebishana juu ya hilo miaka zaidi ya thelathini, na sisi watoto tulijua wakianza ubishi huo basi siku hiyo nyumbani kuna amani.

Kikosi cha baba kiliposogea kaskazini, aliandika barua moja tu, akampa dereva wa lori la jeshi. Aliiandika kwa Kihaya, mama hakuweza kuisoma vizuri, ikabidi katekista amsomee. Kufikia jioni kijiji kizima kinajua kuwa kuna mkombozi anaota gonja. Babu yangu wa kule alikasirika. Alisema askari ana mke kila kambi, na hakuwa anamsingizia mtu. Mama anamkumbuka msichana wa jirani aliyeachwa na mimba na ahadi. Mtoto yule ni mtu mzima sasa na hajui baba yake ni wa Mwanza au wa Songea. Hilo nalo ni la vita vile, ingawa halisomwi tarehe 25 Julai.

Baba alirudi mwaka 1980 akiwa na nguo za kiraia na mjomba wake. Mambo yalipangwa na ssenga, yaani shangazi yake mama, kama ilivyo kwa Waganda. Kanzu ya baba mkwe ilipatikana kwa taabu; jogoo wa kumpa kaka wa bibi harusi ilibidi akopwe jirani. Kanisani walifunga ndoa baadaye, huku kwetu, mimi nikiwa njiani.

Hapa kijijini hakupokewa na maua. Kulikuwa bado na mashamba yaliyogeuka pori, na watu walikuwa wanajenga upya kwa miti na udongo. Kisimani baadhi ya wanawake walimwita "Amin". Mama, mwenye kupiga magoti kumsalimia kila mkubwa, alinyamaza na kuteka maji yake. Aliyewanyamazisha hao wanawake ni bibi mzaa baba, yule yule wa godoro. Alisema huyu ameacha mama yake kwa ajili ya nyumba iliyochomwa, nani kati yenu angefanya hivyo? Mimi nawapa haki wale wa kisimani kidogo: walikuwa wamezika watu. Lakini kidogo tu.

Mimi nashona nguo hapa Bunazi, na wateja wangu wengi ni wa kutoka ng'ambo, wanaotaka gomesi, vazi la wanawake wa Kiganda. Wanawake wa umri wa mama, walioolewa na askari wetu, nawajua kadhaa katika wilaya hii. Mmoja alifariki mwaka jana na yote aliyoyajua. Askari waliolala Kaboya wana makaburi yanayotunzwa, na inafaa watunzwe. Magofu ya kanisa la Kyaka yapo, yeyote akapige picha. Hawa wanawake hawana hata aya moja gazetini, na wajukuu wao wanajaza pengo hilo kwa filamu walizotazama. Simlaumu binti yangu. Angepata wapi kingine?

Ombi langu, Mhariri: kabla ya Julai ijayo mtume mwandishi wilayani kwetu. Mama yangu bado ana akili zake zote. Aje asubuhi, maana mchana yuko shambani na hapendi kusimamishwa kazi. Na aje na mtu anayejua Kiganda. Habari za baba huzisimulia kwa Kiswahili bila shida, lakini ya Masaka huisimulia kwa Kiganda tu, na mimi peke yangu siwezi kuiandika yote.

Msomaji wenu,
Bunazi, wilayani Missenyi