Usiiweke kabatini kamera ya babu

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili. Pale uliposema kamera ya marehemu babu utaiweka kabatini iwe pambo, moyo uliniuma. Tafadhali usifanye hivyo. Ni kweli Kodak waliacha kutengeneza filamu ya saizi ya 620, ambayo kamera hiyo inaitumia, mwaka 1995, lakini kilichokufa ni spuli tu, yaani kile kigurudumu ambacho filamu huzungushiwa. Filamu yenyewe ingali hai.

620 ilipotoka miaka ya 1930 ilikuwa filamu ileile ya saizi ya zamani ya 120, upana uleule. Walichobadilisha ni spuli: kiini chembamba zaidi, visahani vya pembeni vidogo kidogo. Ndiyo maana roli ya 120 ukiilazimisha ndani ya hiyo Six-20 Brownie, kamera ya babu, inakwama. Na 120, iliyoanza mwaka 1901, hadi leo inauzwa mpya. Kazi yako ni kuihamishia kwenye spuli nyembamba, gizani.

Fungua kamera utazame upande wa kupokelea. Ukikuta spuli tupu ya chuma, itunze kama mboni ya jicho, kisha utafute ya pili. Toa roli moja sadaka ufanyie mazoezi mchana, kwanza ukitazama, halafu ukiwa umefumba macho. Ukishazoea, ingia kwenye giza totoro. Izungushe 120 yote kwenye spuli ya kwanza, kisha irudishe kwenye ya pili ili mwanzo wa karatasi inayoikinga filamu na mwanga ubaki nje. Filamu imebandikwa kwenye karatasi upande mmoja tu, ule wa mwanzo, na hapo ndipo penye kazi. Utahisi kwa kidole kwamba imefura, imeinuka kama shuka lililokunjamana. Usiibonyeze. Bandua utepe taratibu, ilaze filamu, ubandike tena pale inapolala yenyewe. Mara yangu ya kwanza nilibana pumzi mpaka kifua kikauma.

Wapo wanaopunguza kingo za spuli ya 120 kwa kikata kucha. Mimi sikushauri, ukikata vibaya, mwanga unapenya pembeni.

Halafu kile kidirisha chekundu cha nyuma, kinachoonyesha namba ya picha iliyoandikwa kwenye karatasi. Filamu nyingi za zamani hazikuhisi rangi nyekundu, za leo zinaihisi. Kizibe kwa utepe mweusi, ukifunue kivulini tu unaposogeza filamu. Mimi nilipuuza, na roli yangu ya pili ikatoka na madoa ya mwanga kwenye picha tano kati ya nane.

Kupiga kwenyewe ni rahisi: jua liwe nyuma yako, kamera uitulize kifuani, anayepigwa asisogee karibu kuliko mita tatu. Filamu ya ISO 100 (kipimo cha wepesi wake wa kuhisi mwanga) inatosha.

Ukipeleka kusafishwa, waambie kwamba spuli unaitaka, tena uandike kwa kalamu juu ya roli. Mimi niliwahi kurudishiwa negativu nzuri kabisa, nikauliza spuli iko wapi, nikaambiwa imeshatupwa. Nilisikitika wiki nzima.

Ile kamera nyingine ndogo ya kukunja, inayotumia filamu ya saizi ya 127, ina usumbufu zaidi. Filamu yake ina upana wa milimita 46, kwa hiyo 120 lazima ikatwe. Tuiache kwanza.

Nisalimie wote nyumbani.

Ni mimi rafiki yako.

Nimekumbuka jambo, na hili ulifanye kabla ya yote niliyoandika: usiifungue kamera bado. Chungulia kwanza kwenye kidirisha chekundu. Ukiona namba au karatasi, basi mna roli ya babu ndani. Zungusha ufunguo wa kusogezea filamu taratibu mpaka namba 8 ipite na karatasi yote iishe, ndipo ufungue, kivulini. Picha zaweza kukaa humo miaka mingi zikimsubiri wa kuzisafisha. Niandikie siku hiyohiyo uniambie umeona namba ngapi.