Shoga, ifute hiyo 1.4.0

Tanga, Jumanne usiku

Shoga yangu Rukia,

Asalaam aleikum. Huku hatujambo, mama anakusalimu sana. Chausiku kajifungua mtoto wa kike, mengine atakusimulia Bi Zuhura akifika Bagamoyo. Mimi nina moja tu, nalo limeninyima usingizi: ile tagi ya 1.4.0, lile jina tulilolibandika kwenye toleo la programu yetu ya kuhesabu dawa za madukani.

Jana jioni niliifuta kwenye seva. Leo asubuhi nafungua ripo, ghala la msimbo wetu linalotunzwa na Git, naikuta imerudi palepale. Imetoka kwenye laptopi yako, shoga, na wala sikulaumu, maana chanzo ni mimi.

Alhamisi ulipoiweka, Pangani waliwekewa toleo lile siku ileile. Usiku nikagundua boksi la vidonge 100 linahesabiwa kama kidonge kimoja. Nikarekebisha, halafu badala ya kutoa 1.4.1 nikaing'oa tagi yako, nikaipachika kwa jina lilelile kwenye komiti mpya, yaani msimbo uliohifadhiwa baada ya marekebisho, na kuipushi kwa nguvu, yaani kuipandisha kwenye seva ichukue nafasi ya ile ya kwanza. Nilisema moyoni, saa chache tu hizi, nani ameshaichukua? Jumamosi Muheza wakawekewa hiyo ya pili.

Siku hiyohiyo mama wa duka la Pangani akapiga simu: dawa zimekwisha kwenye skrini, na rafu imejaa. Namuuliza toleo gani, ananisomea: moja nukta nne nukta sifuri. Najaribu kwangu, 1.4.0 hiyohiyo, salama kabisa. Siku mbili nabishana na mtu mzima, Rukia! Jana nikapanda basi. Nikasimama naye nyuma ya kaunta, akaingiza boksi moja la Panadol mbele ya macho yangu. Skrini ikaandika: baki 1. Akanigeukia, "Mwanangu, nilikuambia nini?" Sikuwa na jibu. Nimemuomba radhi, kanisamehe, lakini uso wake ninao mpaka sasa.

Basi jina 1.4.0 tulizike, lisitumike tena. Nimetoa 1.4.1, na Pangani na Muheza wote wanayo. Safari hii tagi nimeiweka kwa amri ya git tag -a, ina jina langu, tarehe na sababu. Ile yako ilikuwa tupu. Ukiitazama hujui kaiweka nani wala lini. Tuache tagi tupu kwa matoleo, tafadhali.

Sasa laptopi yako. Kufuta kwenye seva hakufuti kwako, na Git haikubadilishii tagi uliyonayo kimyakimya. Tangu toleo lake la 2.20, mwaka 2018, hata ukivuta tagi zote, ikikuta jina moja limeshika komiti mbili inakataa mpaka uilazimishe. Kwa hiyo ile ya Alhamisi bado unayo, na kila ukiandika git push --tags inapanda tena pamoja na nyingine zote. Naomba uandike git tag -d v1.4.0, kisha unijulishe nami niifute huku. Siku nyingine pushi tagi moja kwa jina lake, git push origin v1.4.2, basi.

Mimi nakuahidi tagi ikishatoka mikononi mwetu siisogezi tena, hata kama kosa ni la herufi moja. Namba hazina bei. Yule mama alinisomea alichokiona, na alichokiona kilikuwa kweli.

Umeshaifuta? Kuna duka huko Bagamoyo ulilowawekea kati ya Alhamisi na jana, na ni kabla au baada ya mimi kuisogeza? Kombo je, si naye ana nakala ya ripo kwenye ile kompyuta ya nyumbani kwake? Unaonaje tukizifunga tagi za matoleo kwenye seva, asiweze mtu kuzifuta wala kuzisogeza, hata mimi? Na wewe kifua kimepoa, au bado unakohoa usiku?

Wako,
Mwanaidi