Barua kwa Mwanangu Kuhusu Barafu ya Mirihi

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza maji huenda wapi barafu ya Mirihi inapopungua majira ya joto, nami nimeona nikujibu kwa maandishi kwa kuwa jambo lenyewe ni refu. Sehemu kubwa ya ule weupe unaotanda na kurudi nyuma kwenye ncha za sayari hiyo si maji. Ni hewa ya ukaa iliyoganda kwenye baridi ya nyuzi 125 hivi chini ya sifuri, na jua linaporudi haiyeyuki, bali hugeuka gesi papo hapo na kurejea angani. Kila majira ya baridi takriban robo ya hewa yote ya Mirihi huganda na kulala chini. Vyombo viwili vya Viking, vilivyotua mwaka 1976 mbali na ncha zote, vilipima mgandamizo wa hewa ukishuka na kupanda kufuata majira hayo. Kwangu hilo ndilo la ajabu zaidi, kwamba baridi ya ncha moja huipunguzia sayari nzima hewa yake.

Chini ya barafu hiyo ya msimu ipo inayodumu. Ya kaskazini ni ya maji, na upana wake ni kilomita 1,000 hivi. Kusini, juu ya barafu ya maji, kumebaki tabaka la ukaa lenye unene wa mita chache tu na mashimo mengi ya mviringo, ambayo picha za chombo cha angani Mars Global Surveyor zilionyesha kingo zake zikimomonyoka mita moja hadi tatu kwa mwaka wa Mirihi, yaani siku zetu 687. Wapo waliokimbilia kusema kwamba Mirihi nayo inapata joto kama Dunia. Usiwafuate, kwani kwingineko ukaa huo hujilimbikiza upya.

Mabadiliko makubwa hasa hutokana na mhimili, yaani mstari wa kuwaziwa ambao sayari hiyo hujizungusha juu yake. Leo umeinama nyuzi 25, karibu sawa na wa Dunia, lakini kwa kukosa mwezi mkubwa wa kuutuliza, katika miaka milioni 10 iliyopita umeyumba kati ya nyuzi 15 na 45 hivi. Unapoinama sana, ncha hupigwa na jua kali, na barafu ya maji huhamia kuelekea ikweta. Kumbukumbu ya uhamaji huo imo kwenye matabaka ya barafu na vumbi, yenye unene wa kilomita mbili na zaidi, ambayo rada imeyapenya lakini hakuna chombo kilichowahi kuyatoboa.

Ni mimi,
Baba yako