Auksini na mzizi unaopinda

Mwanangu,

Umeniuliza inakuwaje auksini iitwe homoni ya ukuaji, na papo hapo kitabu chako kiseme inazuia mzizi kurefuka. Kitabu hakijakosea. Kimekatisha tu maelezo pale yalipoanza kunoga.

Auksini nyingi hutengenezwa juu, kwenye machipukizi na majani machanga, kisha hushuka hadi kwenye ncha ya mzizi. Haishuki ovyo: utando wa seli una protini ziitwazo PIN, ambazo mara nyingi hukaa upande mmoja tu, basi homoni hutokea upande huo na kuingia seli jirani. Ikijaa nchani, sehemu yake hugeuza na kupanda kupitia tabaka za nje. Karibu na ncha seli hugawanyika kwa wingi. Zikishaachwa nyuma kidogo, sitokinini, homoni nyingine ya mmea, huzisimamisha: kugawanyika basi, sasa komaeni. Hapo hurefuka sana, kisha kila moja hushika kazi yake, hii mrija wa maji, ile kinyweleo cha kufyonza. Vinyweleo hivyo huchochewa pia na ethilini, gesi ile ile inayoivisha matunda.

Ila usikariri homoni moja moja na kazi yake. Mwaka 1957 wanasayansi Folke Skoog na Carlos Miller waliripoti tishu za tumbaku walizozikuza maabara. Auksini ilipoizidi sana sitokinini, ilitoka mizizi. Sitokinini ilipozidi, yakatoka machipukizi. Kwa uwiano wa kati, likabaki donge lisilo na umbo. Dawa ni zile zile, kilichobadilika ni uwiano.

Swali lako nalo ni la kiasi. Mzizi ni mwepesi mno kuihisi auksini kuliko shina. Kipimo kinachorefusha shina huubana mzizi. Otesha haragwe kwenye pamba yenye unyevu, mzizi ukitoka utie vidoa vya wino kila milimita, kisha ulaze ubavu. Kwenye kofia ya mzizi, yaani kifuniko cha ncha yake, mna seli zenye punje nzito za wanga. Punje zikizama upande wa chini, auksini nayo hupelekwa zaidi huko, seli za chini zikapunguza kurefuka, za juu zikaendelea, na mzizi ukapinda kuelekea ardhini. Vitazame vidoa: vinavyoachana ni vya nyuma kidogo ya ncha, na hapo hapo ndipo panapopinda.

Charles Darwin na mwanawe Francis waliandika mwaka 1880 kwamba ncha ndiyo inayohisi na sehemu ya nyuma yake ndiyo inayotii, bila hata kuijua auksini. (Nimefurahi kwamba walikuwa mzazi na mtoto.)

Ukiwa na wembe na mkono mtulivu, kata kofia ya haragwe la pili, kofia tu. Litaendelea kurefuka, lakini halitajua chini ni wapi mpaka kofia iote tena. Pamba usiiloweshe hadi ielee. Mzizi nao unapumua.

Mama yako