Ukishampima bibi, halafu?

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, marahaba. Pendekezo lako la utafiti nimelisoma lote. Baba yako amesoma alipoweza, akafunga kabrasha akasema, "Huyu mtoto ana kichwa." Nami nasema hivyo hivyo. Muuguzi anayetoka wodini akaenda kuzuia ugonjwa kwa bibi na wajukuu anaowalea, tena kisiwani Ukara, anafanya kazi ya uuguzi kamili. Atakayekuambia kwamba umekimbia zamu za usiku mwache aseme.

Ila kuna jambo linaninyima usingizi. Uchambuzi wa takwimu umeupa kurasa na kurasa. Rufaa umeipa mistari mitatu, na wa mwisho unasema mshiriki mwenye tatizo "ataelekezwa kituo cha afya kilicho karibu". Ataelekezwa na nani? Atafikaje? Akifika atakuta dawa gani? Ukishamfunga bibi kafu, ule mkanda wa mashine ya presha, mkononi na mashine ikasoma 200 kwa 110, yule ni mgonjwa wako. Nataka nijue utamfanyia nini siku hiyo hiyo, kabla hujafunga begi kwenda nyumba inayofuata.

Kwa hiyo ukishuka bandarini Nansio, Ukerewe, usianze na dodoso. Zungukia zahanati zote za vijiji ulivyochagua. Usiridhike na orodha ya dawa iliyobandikwa ukutani, omba kuona kabati na leja. Amlodipini, dawa ya presha, ipo leo? Pakiti ngapi? Ya mwisho iliingia lini, na huwa inakauka kwa muda gani? Nani yuko zamu Jumamosi? Chakula dawa cha watoto wenye utapiamlo mkali kinapatikana hapo au mpaka hospitali ya wilaya? Majibu hayo yaandike kwenye karatasi moja, kila mkusanya takwimu awe nayo mfukoni. Halafu tenga fungu la nauli ya rufaa, ya mgonjwa na ya msindikizaji, kwa sababu mzee wa miaka 75 hapandi mtumbwi peke yake. Zungumza na msimamizi wako sasa. Ukibadilisha itifaki ya utafiti, badiliko lipite kwanza kwenye kamati ya maadili, usiliingize kimyakimya ukiwa kisiwani.

Na kwa kuwa kila namba itamgharimu mtu nauli, pima vizuri. Najua ulifundishwa. Wasaidizi wako utakaowaajiri kwa posho ya siku hawakufundishwa hivyo, nao ndio watakaopima. Mzee akae kimya dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo ziguse chini, miguu asiipishanishe, mkono uegeshwe juu ya kitu usawa wa moyo. Stuli isiyo na egemeo ambayo kila nyumba itakupa inapandisha namba. Kibofu kilichojaa kinapandisha. Ugoro unapandisha, na bibi wengi watakuwa wamenusa punde tu kabla hujabisha hodi, basi subiri nusu saa ukiuliza maswali mengine. Kuongea kunapandisha pia, kwa hiyo msaidizi asijaze dodoso huku mashine inajaza upepo. Kafu ikae juu ya ngozi, siyo juu ya sweta, na mkono wa nguo uliokunjwa ukabana nao hautakiwi. Chukua saizi tatu. Kafu ndogo kwenye mkono mnene inasoma juu kuliko ukweli, kubwa kwenye mkono mwembamba inasoma chini, na wazee wa visiwani wengi ni wembamba, kwa hiyo kosa lako litakuwa la kumwacha mgonjwa nyumbani ukimwambia ni mzima. Siku ya kwanza pima mikono yote miwili, halafu endelea na ule uliosoma juu. Soma mara mbili, dakika moja katikati.

Kisha msimamishe. Hili silioni kwenye pendekezo lako na linanishangaza, kwa sababu umeandika kurasa nzuri sana juu ya wazee kuanguka. Pima akiwa amesimama, dakika ya kwanza na ya tatu. Namba ya juu ikishuka 20 au ya chini ikishuka 10, huyo ndiye atakayeanguka usiku akienda chooni. Mfundishe kukaa ukingoni mwa kitanda kwanza, achezeshe vifundo vya miguu, ndipo asimame. Mzee wa namna hiyo akiongezewa dawa ya presha bila mtu kujua, nyonga itavunjika, na ripoti itasema presha imedhibitiwa.

Sasa wale wenye namba za kutisha. Kuanzia 180 kwa 120, pamoja na dalili kama kichwa kuuma sana, kuona ukungu, kifua kubana, pumzi kukata, mdomo kupinda au mkono kulegea, ni safari ya saa ile ile. Mdomo ukipinda au mkono ukilegea usingoje hata mashine ikubaliane nawe. Asiye na dalili hahitaji kushushwa ndani ya saa moja. Anahitaji kuanza dawa au kuirudia, na kupimwa tena baada ya siku chache. Ukimwona mtu anataka kumwekea mzee nifedipini, dawa nyingine ya presha, chini ya ulimi ili namba ishuke haraka, mzuie. Presha ikiporomoka ghafla, damu haifiki ubongoni, na hapo kiharusi ulichokuwa unakikimbia unakuwa umekileta mwenyewe.

Kwa watoto nina wasiwasi ule ule. Utepe wa kupima mzingo wa mkono unaonekana rahisi, ndiyo maana unaharibiwa. Mkono wa kushoto, kunja kiwiko utafute katikati ya ncha ya bega na ncha ya kiwiko, weka alama kwa kalamu, halafu mkono ulegee ndipo uzungushe utepe bila kukaza. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 akiwa chini ya sentimita 11.5 ana utapiamlo mkali, chini ya 12.5 ni wa kadiri. Bonyeza sehemu ya juu ya nyayo zote mbili kwa dole gumba, sekunde tatu. Shimo likibaki miguu yote miwili, huyo ni wa rufaa hata kama utepe unasema hana neno. Na bibi atakuuliza, "Nikimpeleka, hawa wengine wanne nawaachia nani?" Uwe na jibu. Kaa na mhudumu wa afya ngazi ya jamii na mwenyekiti wa kitongoji kabla ya siku ya kupima, mkubaliane jirani gani atabaki na watoto.

Kichocho usikiache pembeni. Dawa shuleni wanapewa, lakini mjukuu wa miaka mitatu anayeogeshwa ziwani hayuko shuleni, na bibi anayefua akiwa amesimama ndani ya maji hayupo pia. Prazikwanteli, ndiyo dawa yenyewe, inaua minyoo iliyokomaa, michanga inabaki, na kesho yake mtoto yuko ziwani tena. Ndiyo maana watu wanasema dawa haifanyi kazi. Waeleze hilo wazi, kwamba itabidi warudie, na kwamba inamezwa baada ya kula. Mtoto akimeza tumbo tupu, kichefuchefu na maumivu ya tumbo ndivyo kijiji kizima kitakavyosimulia mwaka mzima.

Umemtumia Nola Pender, yule mtaalamu wa uuguzi, na mfano wake wa kukuza afya wa mwaka 1982, sawa, ni msingi mzuri: mtu anaona faida gani, anaona kikwazo gani, anajiamini kiasi gani. Lakini vikwazo vingi vya bibi wa Ukara haviko moyoni mwake. Viko kwenye nauli, kwenye kabati tupu la dawa, kwenye kuni mbichi. Mkataba wa Ottawa wa kukuza afya wa 1986 unaanza na mazingira na sera kabla haujafika kwenye ujuzi wa mtu mmoja mmoja. Ukimfundisha bibi kuloweka kayabo, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, usiku kucha na kumwaga maji ili chumvi ipungue, umefanya vema. Ukimwambia apunguze chumvi wakati kayabo ndiyo mboga pekee aliyonayo, umemwongezea lawama tu.

Vile vijiji vya kulinganisha navyo vinanisumbua. Unasema hawatapata elimu mpaka utafiti uishe. Elimu wasubiri, nakubali, ingawa kisiwa kile ni kidogo na watu wanakutana gulioni, kwa hiyo chagua vijiji vilivyo mbalimbali la sivyo mafundisho yatavuka bila wewe. Ila mtakuwa mmewapima. Mwenye presha kali katika kijiji cha kulinganisha apate rufaa na nauli ile ile. Hilo liandike kwa maneno ambayo hakuna msaidizi ataweza kuyapindisha.

Umri usiuulize kwa mwaka. Watakujibu 60, 65, 70, na grafu yako itakuwa na milima mitatu. Tumia matukio: Uhuru 1961 na ziwa lililojaa miaka ile, Azimio la Arusha 1967, watu kuhamishiwa vijijini, Vita vya Kagera 1978 na 1979. Uliza alikuwa anabebwa mgongoni, anachunga, au ameolewa. Na asitafsiri mjukuu. Bibi hatataja mkojo unaomponyoka wala kofi alilopigwa na mwanawe mbele ya mtoto wa darasa la tano. Tafuta mama mtu mzima anayezungumza Kikara, asiye wa ukoo huo.

Macho mekundu kamwe usiyataje mbele ya majirani. Ni moshi wa jikoni, wewe na mimi tunajua, lakini Kanda hii ya Ziwa akina bibi wameuawa kwa kudhaniwa wachawi kwa sababu yake. Mwite ndani, angalia kope, mpe rufaa ya macho ndani ya bahasha kama wengine wote.

Kuhusu safari, mtumbwi uliojaa usiupande hata kama mkutano unakusubiri. Kivuko cha MV Nyerere kilizama Septemba 2018 kikiwa kimebakiza kidogo kufika Ukara. Nunua jaketi lako la kujiokolea hapa mjini, usitegemee la chomboni, na livae, usilikalie.

Nimekuwa nikirudia rufaa, rufaa, na najua utasema mama ameanza. Ulipokuwa chuoni labda tulikusifu mno kwa maksi na hatukukuuliza vya kutosha habari za wagonjwa. Basi sasa nauliza. Nitumie ule ukurasa ukishaurekebisha, niusome kabla ya msimamizi wako.

Huku nyumbani mfereji wa paa umetoboka tena upande wa jikoni, fundi anataka bati jipya na mimi nataka azibe tu. Mpangaji wa chumba cha uani amelipa. Baba yako anameza dawa zake, chumvi anajiongezea nikigeuka. Dagaa nimezichambua, ziko kwenye ndoo yenye mfuniko mwekundu, ukija Mwanza mjini zichukue, usinunue za mwaloni wakati huu wa mvua maana hazikauki vizuri. Mdogo wako anataka begi lako la zamani. Nimemwambia akuombe mwenyewe. Simu yangu kioo kimepasuka, kwa hiyo ukipata mtandao Nansio piga kwa baba yako baada ya saa mbili usiku, akishatoka kwenye taarifa ya habari.

Mama yako